Wakuu, bapa gani linafaa kwa nguruwe pori? La kwangu limegoma begani

#1 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Habari wakuu. Nina swali linaloninyima usingizi tangu wiki iliyopita, na nataka majibu ya watu walioshika kisu porini.

Nawinda nguruwe pori kwa mbwa. Kibali ninacho, na mwenye shamba ndiye aliyetuita kwa sababu wanamfukulia kila anachopanda. Juzi mbwa walimbana dume mzito kwenye kijito kikavu. Nikaingia kwa nyuma kama nilivyofundishwa, nikachoma nyuma ya bega la kushoto. Kisu kikaingia kiasi cha urefu wa kidole gumba, kikasimama. Kikasimama kabisa, kama nimechoma gogo. Mkono wangu haukusimama. Uliteleza ukashukia kwenye makali. Vidole viwili, nyuzi saba. Aliyemaliza kazi ni mwenzangu, kwa kisu chake kidogo ambacho siku zote nilikuwa nakidharau.

Kisu changu kina bapa la sentimita 30, upana karibu 5, mgongo una unene wa milimita 6 na meno ya msumeno, ncha imebonyea kwa juu kama visu vya Bowie. Mpini ni mbao iliyong'arishwa. Hakina kikinga mkono.

Tatizo ni bapa, ni mimi, au ni dume mwenyewe? Na kama ni bapa, nitafute la namna gani?

#2 Msomaji_Kimya
Pole mkuu. Nimeweka kambi hapa, nasubiri wataalamu.

#3 Mzee_wa_Mbwa
Pole kijana. Mshukuru Mungu ni vidole na si mshipa wa paja.

Watu watakimbilia bapa. Mimi naanza na mpini, kwa sababu mpini ndio uliokutupa kwenye makali. Mbao iliyong'aa ikipata damu, mafuta na matope inateleza kama kambare. Kisu cha nguruwe ni kisu cha kuchoma, na kisu cha kuchoma lazima kiwe na kitu kinachozuia mkono usivuke kwenda mbele. Kwangu hilo halina mjadala.

Changu kina bapa la sentimita 22, upana tatu na nusu, ncha iko katikati ya bapa. Kikinga ni cha shaba, kimetokeza juu na chini. Mpini ni wa mpira wenye mikwaruzo, na kitakoni umevimba kidogo ili mkono usichomoke wakati wa kuvuta. Watu wanasahau kuvuta. Nguruwe akijitikisa kisu kikiwa ndani na mkono umekiachia, kesho yake unarudi kukitafuta kichakani, nawe jana ulisimama mikono mitupu mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Na mbwa walikuwa wangapi? Nguruwe akishikwa sawasawa masikioni na mbwa wawili, kisu cha wastani kinatosha. Asiposhikwa, hata upanga haukusaidii.

#4 Dada_Mhunzi
Mzee wa Mbwa, shikamoo. Kwenye mpini nakuunga mkono, ila umelisamehe bapa mapema mno.

Mkata Vichaka, chukua rula upime tena. Upana wa 5, mgongo wa milimita 6. Hicho ni kabari. Kabari hupasua kuni vizuri, lakini kila inapozama inataka nafasi zaidi, na mnyama hakupi nafasi. Bapa la kuchoma linatakiwa lianze jembamba nchani na linenepe polepole kuelekea mpinini. Mgongo wa milimita 4 unatosha kabisa ikiwa chuma ni kizuri. Visu vingi vya namna ya chako vina unene ule ule tangu mpinini hadi karibu kabisa na ncha, halafu vinashuka ghafla. Kitazame kwa juu, ukikielekeza kwenye mwanga, utaona mwenyewe.

Kisha hayo meno ya msumeno. Nimeshaletewa visu vitatu kuyasaga. Yanashika singa, yanashika ngozi, yanashika nyama. Yanakuchelewesha kuingia na yanakuchelewesha zaidi kutoka.

Kuhusu chuma: springi ya gari ya aina ya 5160 ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 na inavumilia kupindwa na kugongwa, ndiyo naipenda kwa visu vya kuchoma. Chuma cha aina ya 1095 ina karibu 0.95, inashika makali vizuri lakini inapata kutu ukiiangalia tu. Ugumu mimi naulenga kwenye Rockwell 56 hadi 58. Ukizidisha, ncha inamegeka ikigonga mfupa. Ukipunguza, inajikunja.

#5 Bwana_Bucha
Nimefanya kazi machinjioni miaka 11. Kisu tulichotumia kuchoma nguruwe kilikuwa na bapa la sentimita 15. Kumi na tano! Kikiwa kimenolewa na kikapita mahali pake, pale chini ya shingo juu ya mfupa wa kifua, damu yote inatoka ndani ya muda mfupi sana. Najua wa machinjioni amekwishapoteza fahamu kabla ya kisu na wa porini anapigana, lakini mwili ni ule ule.

Kwa hiyo mimi sikubaliani kwamba unene ndio uliokigomesha kisu. Ngozi ndiyo mlango. Ncha ikishatoboa ngozi, nyama laini haina ubishi. Kisu chako kimekataa mlangoni. Mkata Vichaka, tujibu kwa ukweli: mara ya mwisho kuinoa NCHA ni lini? Simaanishi makali. Ncha.

#6 Fumo_la_Kale
Wote mmelikwepa jibu lililo wazi. Dume ana NGAO. Pale begani kuna gamba la gegedu ambalo hata risasi haipiti. Ungekuja na kisu chochote hapa duniani kingesimama pale pale. Tatizo si kisu, ni mahali ulipochoma.

#7 Mganga_wa_Mifugo
Fumo, ngao ipo kweli, lakini tuiweke kwenye kipimo chake.

Kwa nguruwe wa jamii ya Sus scrofa, yaani nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia pamoja na wa kufugwa waliorudi porini, dume hujenga tabaka la tishu ngumu chini ya ngozi, kuanzia mabegani kuelekea nyuma. Kazi yake ni kumkinga na chonge za madume wenzake wakati wa kugombea majike. Unene wake ni kama sentimita 2 hadi 3. Jike hana ngao ya namna hiyo. Na risasi inayofaa kwa mnyama wa ukubwa huo inapita. Hadithi ya risasi kudunda huwa inatokana na risasi dhaifu au shabaha mbaya.

Nina shaka nyingine. Watu wengi wanafikiri moyo wa nguruwe uko nyuma ya bega kama walivyozoea kwa swala. Kwa nguruwe uko chini zaidi na mbele zaidi, karibu katikati ya miguu ya mbele. Ukichoma "nyuma ya bega" kwa juu, unaweza kukuta ukingo wa kombe la bega au ubavu. Njia ya chini ni nyuma tu ya kiwiko, ncha ikielekea mbele kidogo. Pale ngozi ni nyembamba na hakuna kombe.

Halafu swali lisilohusu kisu: ulichanjwa pepopunda ulipokwenda kushonwa? Na ulimwambia daktari kwamba mkono ulikuwa na damu ya nguruwe?

#8 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Asanteni wote, nawajibu kwa pamoja.

Mzee: mbwa walikuwa watatu, lakini aliyeshika ni mmoja, wawili walikuwa wanabweka tu.

Dada Mhunzi: nimekitazama kwa mwanga kama ulivyosema. Ni kweli, unene hauanzi kupungua hadi zimebaki sentimita 4 kufika nchani. Nimekaa na kisu hiki miaka miwili sijawahi kuliona hilo.

Bwana Bucha: makali nayanoa kila wiki. Ncha sijawahi. Nimeipitisha kwenye kucha ya kidole gumba ikateleza haikushika. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia nikaona imejikunja kidogo upande mmoja, kama ukucha wa paka. Na nakiri kwamba nimewahi kufungulia nayo kopo la rangi.

Mganga: pepopunda nilichanjwa. Habari ya damu ya nguruwe sikumwambia, aliniuliza nimejikatia wapi nikasema kazini.

#9 Bwana_Bucha
Kopo la rangi. Kesi imekwisha.

#10 Fumo_la_Kale
Haijaisha. Ncha iliyokunjika isingeingia hata huo urefu wa kidole gumba. Imetoboa ngozi, imepita mafuta, ikasimama kwenye ngao. Kidole gumba ni sentimita ngapi? Tano, sita. Ngozi, mafuta, ngao. Hesabu inakubali.

#11 Dada_Mhunzi
Au imeingia sentimita sita ikafika pale kabari iliposhiba. Hesabu inakubali vilevile, Fumo.

#12 Kinoo_Kikavu
Naomba niingie kwenye kunoa, maana nimesoma hadi hapa na hakuna aliyeeleza ncha inanolewaje.

Watu wengi wakifika mwisho wa bapa wanainua mkono na kumalizia nje ya kinoo. Ncha inaburuzwa kwenye ukingo wa jiwe na kila siku inazidi kuwa duara. Fanya kinyume: unapokaribia ncha punguza kasi, inua kitako cha mpini kidogo ufuate mpindo wa makali, kisha SIMAMA ncha ikiwa bado juu ya jiwe. Usiivushe. Jiwe la chembe 1000 linatosha, malizia kwenye ngozi kwa kuvuta kinyumenyume. Pembe ya digrii 20 hadi 25 kila upande. Makali membamba kama ya wembe hayana kazi hapa, yatajikunja kwenye ubavu wa kwanza.

Kipimo ninachotumia mimi: weka ncha juu ya kipande cha ngozi kavu, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, bila kusukuma. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe. Iking'ata, nenda porini.

Na ncha iliyokunjika usiinyooshe kwa koleo. Itavunjika. Isage kutoka mgongoni hadi ukikute chuma kizima.

#13 Damu_Moto
Mnasahau kitu kimoja muhimu, mfereji wa damu! Bapa lisilo na mfereji linanyonywa na nyama, hewa haiingii, ndiyo maana kisu kinakwama. Tafuta kisu chenye mfereji pembeni, shida yako imekwisha.

#14 Dada_Mhunzi
Damu Moto, hapana, na naomba hili liishe kwenye uzi huu. Ule mfereji hauna kazi na damu wala hewa. Ni njia ya mhunzi kupunguza uzito wa bapa bila kulipunguzia ugumu wa kujipinda. Ukilikunja bati mara moja katikati linakuwa gumu zaidi kuliko lilivyokuwa tambarare, wazo lenyewe ni la namna hiyo. Kwenye upanga wa sentimita 80 una maana kubwa. Kwenye kisu cha sentimita 22 ni pambo tu. Nimechoma visu vyenye mfereji na visivyo na mfereji kwenye mzoga mmoja, vinatoka sawasawa.

#15 Damu_Moto
Sawa dada, nimekuelewa. Ila babu yangu aliapa kwa mfereji wake hadi anazikwa.

#16 Mzee_wa_Mbwa
Babu yako alikuwa ananoa ncha.

#17 Fumo_la_Kale
Mimi nawashangaa mnavyong'ang'ania visu. Kifaa cha nguruwe tangu kale ni mkuki, na si mkuki wowote. Wenye kingamo, yaani kipande kilichokingama chini ya bapa. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ameuelezea mkuki wa nguruwe wenye meno ya shaba yaliyotokeza kwenye shingo ya bapa. Wajerumani wanao wa kwao wanauita Saufeder, nao una kingamo chini ya bapa. Kwa nini? Kwa sababu nguruwe akichomwa hakimbii nyuma. Anasukuma MBELE, anaufuata mti wa mkuki hadi akufikie. Kingamo kinamzuia pale.

Mkata Vichaka angekuwa na mita mbili za mti kati yake na lile dume, vidole vyake vingekuwa salama hata kama bapa lingegoma.

#18 Mzee_wa_Mbwa
Fumo, kwa nguruwe aliye peke yake, amekukabili, hapo umenena. Lakini mita mbili za mti ndani ya kichaka cha miiba, na mbwa wangu wanaruka huku na huku? Nilishapoteza mbwa jike mmoja kwa mkuki wa mwenzangu. Mbwa aligeuka wakati mkuki uko njiani. Alikuwa na miaka minne, jina lake Simba, ingawa ni jike. Binti yangu ndiye aliyempa. Kisu ukikishika, mkono wa kushoto uko mgongoni mwa nguruwe au umeshika mguu wa nyuma, unajua ncha yako iko wapi wakati wote. Sitarudi kwenye mkuki.

#19 Fumo_la_Kale
Pole sana mzee wangu. Hapo sina la kuongeza.

#20 Upinde_Mrefu
Natoka nje kidogo ya mada lakini bapa ni bapa. Sisi wa mishale tulipita mjadala huu zamani. Ncha zenye mabapa yanayofunguka zikigonga ngao zinapoteza nguvu kwa kule kufunguka kwenyewe. Wengi wanaowinda nguruwe wamerudi kwenye ncha isiyofunguka, mabapa mawili tu, makali yanaanza nchani kabisa ili kukata kuanze pale pale inapogusa. Upana kidogo, ncha kali, mshale mzito. Ukilinganisha na kisu cha Mkata Vichaka, kila kitu ni kinyume.

Kwa hiyo kura yangu iko kwa Dada Mhunzi na Bwana Bucha kwa pamoja. Upana na ncha.

#21 Roho_Safi
Nauliza bila ubaya: kwa nini kisu kabisa? Bunduki moja, risasi moja, mnyama hateseki na wewe hushonwi. Nasoma kisu kimegoma, mwingine akaja na cha pili, yule mnyama alikaa na maumivu muda gani?

#22 Mzee_wa_Mbwa
Swali lako ni la haki, sitalikwepa. Mbwa wakishamshika, risasi ni hatari kwa mbwa na kwa watu waliosimama upande wa pili. Kisu kinachopita mahali pake kinamaliza ndani ya sekunde chache. Kisichopita ni mateso, na ndiyo sababu uzi huu upo. Nikimfundisha kijana, simruhusu kuchoma hadi ameshuhudia mara nyingi na amepasua mzoga mmoja kwa mikono yake akaona moyo ulipo. Ukiona huwezi kufika mahali pake, unaachia, unawaita mbwa, unasubiri mwenye bunduki.

#23 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Roho Safi, kati ya kisu changu na cha mwenzangu ilipita labda nusu dakika. Nusu dakika hiyo bado naisikia. Ndiyo maana nimeuliza.

#24 Sheria_Kwanza
Kabla mleta uzi hajaenda kununua: kisu chenye makali pande zote mbili, ambacho wengine watakupendekezea, nchi kadhaa zinakihesabu kuwa jambia, yaani silaha, hata kama unawindia. Na kuwinda kwenyewe hakuna sheria moja. New Zealand mbwa na kisu ni jambo la kawaida. England na Wales sheria ya 2004 ilikataza kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa isipokuwa kwa masharti maalumu. Uliza ulipo, na uliza kuhusu kukibeba njiani pia, si porini tu.

#25 Kinoo_Kikavu
Na hata sheria ikiruhusu, makali ya pili yana gharama yake. Kisu cha upande mmoja unaweza kukandamiza mgongo wake kwa kidole gumba. Cha pande mbili ukiteleza hakuna upande salama. Njia ya kati ni kunoa mgongo sentimita 5 au 6 tu kutoka nchani. Inaingia kama ya pande mbili, inabebeka kama ya upande mmoja. Lakini nayo baadhi ya sheria zinaihesabu, kama alivyosema Sheria Kwanza.

#26 Panga_Moja
Mimi sijaona aliyetaja panga. Natumia panga miaka yote.

#27 Bwana_Bucha
Kufyeka njia, sawa. Nguruwe hafyekwi ndugu yangu. Ukimkata juu unamkasirisha na kuharibu nyama.

#28 Mganga_wa_Mifugo
Narudi kwa Mkata Vichaka, samahani kwa kung'ang'ania. Mrudie daktari wako umwambie wazi kwamba ulijikata wakati unamchinja nguruwe pori. Nguruwe hubeba bakteria wa Brucella suis, na kidonda kilicho wazi ni mojawapo ya njia zao za kuingia. Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kujitokeza: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, uchovu usioeleweka. Daktari asiyejua historia atadhani ni kitu kingine. Leptospira nao wapo, kwenye mkojo na damu.

Na wote mnaopasua: glavu, kila mara. Zile nyembamba za mpira, na mkono usioshika kisu uvae juu yake glavu ya nyuzi isiyokatika kirahisi. Ukichana ngozi, chana kutoka ndani kwenda nje, makali yakiangalia juu. Singa za nguruwe zimejaa matope na mchanga, ukizikata kwa nje unaua makali kabla hujafika nusu ya tumbo.

#29 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Nimekuelewa daktari. Kesho asubuhi naenda. Asante kwa kunikumbusha mara mbili.

#30 Kisu_Kidogo
Wakuu habari. Mimi ndiye yule mwenzake. Nimetumiwa uzi huu nikausoma wote, na lazima niseme nilichokiona, maana nilisimama hatua mbili.

Kisu hakikugoma kwenye ngao, wala si ncha. Mkata Vichaka alipochoma, mbwa alikuwa upande wa kulia, dume akajivuta kumfuata, akapinda kiuno. Mkono wa ndugu yangu ukageuka naye. Bapa lililokuwa wima likalala. Mbavu za mnyama aliyesimama zinashuka kuelekea chini, bapa likiwa wima linapita katikati yake. Likilala, na lina upana wa sentimita tano, linagonga mbavu mbili kwa pamoja. Kikakaa pale kama kufuli.

Changu kina bapa la sentimita 16, upana mbili na nusu. Niliingia chini, nyuma ya kiwiko, upande ule ule. Hata kingelala kingepita.

#31 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Ndugu yangu, mkono haukugeuka. Ningeusikia.

#32 Kisu_Kidogo
Tazama kidonda chako. Kama bapa lingekuwa wima ungekatika katikati ya vidole, upande wa kiganja. Wewe umekatika pembeni, kidole cha shahada na cha kati, kwa mshazari.

#33 Mganga_wa_Mifugo
Hilo la mbavu linawezekana kabisa. Kuna aliyetazama mzoga? Alama ya kisu kwenye ubavu ingeonekana, na jeraha kwenye ngao lingeonekana vilevile.

#34 Kisu_Kidogo
Upande wa kushoto mwenye shamba aliuchukua mzima siku ile ile. Nimempigia simu, mifupa walishapewa mbwa.

#35 Bwana_Bucha
Basi ushahidi umeliwa. Mimi nabaki na ncha.

#36 Fumo_la_Kale
Nami nabaki na ngao.

#37 Upinde_Mrefu
Na bapa jembamba lingemwokoa kwa maelezo yote manne. Hilo mmeliona?

#38 Fumo_la_Kale
Kwenye ngao lisingetosha. Sentimita 3 za gegedu ni sentimita 3.

#39 Dada_Mhunzi
Linatosha likiwa na ncha, Fumo, siku moja nitakuonyesha kwenye bega la dume.

Mkata Vichaka, kisu chako usikitupe. Kama msuka, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, unapita ndani ya mpini wote hadi kitakoni, chuma kipo cha kutosha kutengeneza kingine. Nitakata bapa libaki sentimita 21, nishushe upana hadi tatu, nisage meno yote ya mgongoni, ncha niilete katikati. Kusaga lazima kwende polepole na maji pembeni, chuma kikibadilika rangi kuwa bluu ugumu umekwenda. Kikinga nitakichomea cha shaba kama cha Mzee. Ila nahitaji kujua mambo mawili: msuka ukoje, na upana wa kiganja chako ukiwa umekunja ngumi, ndani ya glavu.

#40 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Nimefungua mpini jioni hii. Msuka umeishia katikati, kama sentimita 6 tu, umeshikiliwa na pini moja na gundi iliyopasuka. Nikiutikisa unacheza.

#41 Mzee_wa_Mbwa
Unacheza?! Basi hata usingeteleza, siku moja bapa lingebaki kwa nguruwe na wewe ungebaki na mti.

#42 Kinoo_Kikavu
Hilo nalo liingie kwenye maelezo. Mpini ukicheza, nguvu ya mkono haifiki yote nchani. Sasa tuna sababu ya tano.

#43 Dada_Mhunzi
Kwa msuka wa sentimita 6 siwezi kukitengeneza kiwe salama, nisikudanganye. Tutaanza upya na springi. Nitumie kipimo cha kiganja.

#44 Mkata_Vichaka (mleta uzi)
Sentimita 9 na nusu, mkono wa kulia. Nimepimia wa kushoto kwa sababu wa kulia bado umefungwa bandeji, natumaini ni sawa.

#45 Dada_Mhunzi
Subiri nyuzi zitoke, upime wa kulia wenyewe. Hakuna haraka.